Ujumbe Nilioukalia

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka: siku niliyopanda na gari la ofisi kwa akina mama wa maziwa kule juu mlimani, nikashuka na ujumbe ambao sikuufikisha. Nakusimulia wewe kwa sababu jana ulikuja kunionyesha barua yako ya kazi, ukakitamka cheo chako kwa Kizungu, na nilipokuuliza kwa Kiswahili kinaitwaje ukacheka, ukasema labda hakina jina. Jina sijui, lakini kazi yenyewe naijua. Niliifanya kabla hujazaliwa. Ni kukaa kati ya bosi na watu wengine wote. Mama yako, yaani mdogo wangu, ameniomba nikutie moyo, na nimeitafuta sana namna ya kukutia moyo tangu jana, sijaipata.

Bosi wangu aliitwa Elinami. Alikuwa Mmeru wa kule kule juu, amelelewa na mama aliyeuza maziwa, akasoma, akarudi akafungua kiwanda kidogo cha maziwa karibu na Usa River. Magari yake mawili yalipanda kila asubuhi mpaka vijijini, yakasimama kila kona ambapo akina mama walisubiri na ndoo zao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, binti wa mwinjilisti wa Kimandolu, mjini Arusha, Kimeru changu cha kusikia tu, kukisema naona haya. Nilipanga ratiba yake, nilikaa kwenye vikao vyake, niliamua nani aingie mlangoni kwake na nani arudi kesho. Na kila siku saa mbili asubuhi niliweka mezani kwake karatasi moja, ukurasa mmoja tu, yenye mambo anayopaswa kuyajua siku hiyo. Aliiamini karatasi ile kuliko alivyowaamini mameneja wake.

Sasa sikia ubovu wangu. Nilikuwa fundi wa kulainisha. Meneja akifoka kwamba mtambo umechoka na yeye mwenyewe amechoka, mimi niliandika kuwa kuna changamoto kidogo upande wa mtambo. Dereva akitishia kuacha kazi, niliandika kuwa madereva wanaomba kikao. Watu walinipenda kwa hilo. Walikuja mezani kwangu wakaniambia, dada Aneth, mwambie wewe, wewe unajua kusema naye. Nami nikavimba kichwa. Niliona kazi yangu ni kuhakikisha mtu mkubwa haumwi kichwa kabla ya saa nne.

Ukaja mpango mpya. Elinami alitaka kujenga kiwanda kikubwa pale chini, kando ya barabara kuu, chenye tangi la kupozea maziwa ambalo mkoa mzima ungelizungumzia. Magari yasingepanda tena. Akina mama wangeyashusha maziwa wenyewe, mara mbili kwa siku. Aliuza kiwanja chake cha pekee kwa ajili ya jambo hilo, na mkewe, Mama Upendo, akakubali bila kuguna. Kilichobaki kilikuwa kuwauliza wenye ng'ombe. Yeye alikuwa na wageni wiki ile, akanituma mimi.

Tulikutana nje ya kituo chao cha maziwa. Walikuja wengi, wakakaa juu ya ndoo walizozigeuza, wengine na watoto mgongoni. Nikaeleza vizuri, nikabandika na mchoro ukutani. Nilipomaliza akasimama mwenyekiti wao, Bibi Martha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akasema kwa niaba ya wote, "Tumesikia, mwanangu." Wakapiga makofi. Wakaniletea chai ya maziwa mazito na ndizi. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, na mimi nikafurahi kwamba hakuna maswali.

Wakati naingia kwenye gari, Bibi Martha akanishika mkono, hakuuachia. "Mwambie Elinami aje mwenyewe," akasema. "Hatujamkataa. Lakini jambo kubwa hivi mama haletewi kwa mkono wa mtu. Aje akae, anywe maziwa, tuzungumze naye, tutaona njia." Nikasema sawa, bibi, kwaheri, nikafunga mlango.

Njiani nilianza kuandika karatasi ya kesho. Niliandika kwamba akina mama wameupokea mpango vizuri, wamekubali. Neno walilolitumia halikuwa hilo, na hata mimi wa Kimandolu nilijua kwamba mtu wa kule akisema amesikia, maana yake amesikia, basi. Kukubali bado. Lakini "wamesikia" ingeonekana vibaya kwenye karatasi yangu. Na ule wito wa Bibi Martha sikuuandika kabisa. Ningeuandika, bosi angeuliza, kumbe nilikutuma ukafanye nini? Nikajiambia ratiba yake imejaa. Ratiba niliishika mimi, mwanangu. Ningeweza kumtafutia asubuhi moja.

Miezi ikapita, jengo likapanda, vituo vya juu vikafungwa. Mara mbili Bibi Martha alimtuma mjukuu wake ofisini kuuliza kama mkurugenzi atakuja lini, na mara zote mbili huyo binti alikomea mezani kwangu. Nilimwambia tutawajulisha.

Asubuhi ya kwanza ya kiwanda kipya tulikuwepo wote. Mchungaji alishaomba. Wafanyakazi walikuwa wamevaa makoti meupe na mabuti mapya, mitambo inanguruma. Saa moja ikaja pikipiki moja na madumu mawili. Saa mbili zikaja pikipiki mbili. Kufika saa nne wageni walianza kuaga mmoja mmoja, wakisema maneno ya upole. Baadaye tulipata habari kwamba mnunuzi mwingine alikuwa ameanza kupandisha pikapu kule juu, na kwamba akina mama walimsubiri Elinami mpaka wiki ile ile kabla ya kumpa huyo mnunuzi maziwa. Haikuwa hila. Walikuwa na maziwa na hakuna aliyekuja kuyachukua.

Elinami aliniita kando ya tangi. Hakupandisha sauti.

"Aneth, walisema nini hasa? Neno lao lenyewe."

Nikamwambia walisema tumesikia.

Aliweka mkono wake juu ya lile tangi tupu. "Mimi nimezaliwa kule," akasema. "Ungeniandikia neno hilo hilo moja, ningepanda siku hiyo hiyo." Kisha akanitazama, akaniuliza kama kuna kingine walichosema.

Nikasema hapana.

Hapo ndipo pa kunihukumu, mwanangu. La kwanza ningeweza kusingizia ujana. Hili la pili nililifanya nikiwa nimemwona usoni. Neno moja tu, "walikuita," lingemwokoa, maana hata siku ile alikuwa hajachelewa, angepanda na gari lake na mama zake wangempokea. Lakini ningelitoa ingejulikana kwamba nililikalia, na nilipenda kazi yangu, nilipenda kuitwa dada Aneth anayejua kusema na bosi.

Kiwanda hakikumaliza mwaka. Na kiwanda siyo kilichoniuma zaidi; viwanda hufunguliwa na kufungwa. Kilichoniuma ni kwamba Elinami aliamini mpaka mwisho kwamba watu wa kwao wamemkataa. Hakupanda tena kule. Kukiwa na kipaimara au harusi, alimtuma mkewe. Alirudi kuwa mtu wa kukaa nyumbani, akifuga kuku pale Makumira, na kila nilipokwenda kumsalimia alinikaribisha vizuri, ananiulizia watoto, hanigombezi. Ningemshukuru kama angenigombeza. Miaka kumi na minne nilikwenda na kurudi kwenye nyumba ile, na kila mara nilijiambia leo namwambia. Nilikunywa chai, nikarudi Kimandolu.

Akafa kwa presha, ghafla, mwezi wa mvua. Mama Upendo akaniomba mimi niandike na kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa nilijua kazi zake kuliko mtu mwingine. Nikaandika. Nilipofika kwenye kiwanda kalamu ikasimama, na unajua nilichoandika? Kwamba kilifungwa kutokana na changamoto za soko. Nikausoma mbele ya jeneza lake, sauti yangu safi kabisa, watu wakaitikia kwa vichwa. Mama Upendo akanishukuru, akasema nimemsitiri mume wake.

Akina mama wa kule juu walikuwa wameshuka, wamejaa upande mmoja wa ua na khanga zao. Watu walipoanza kutawanyika, Bibi Martha akanifuata, mzee sasa, anashikiliwa na mjukuu yule yule. Aliuliza taratibu, bila ukali.

"Tulimwita yule kijana wetu. Kwa nini hakuja?"

Kaburi lilikuwa bado bichi, mwanangu, hatua kumi kutoka tuliposimama. Nikamwambia alikuwa na kazi nyingi.

Akatikisa kichwa, akasema basi, akaondoka akiamini kwamba mtoto wao aliwaona si kitu. Mwaka uliofuata naye akazikwa. Sina tena wa kumwambia ukweli. Mama Upendo ningemwambia, lakini ameshazeeka, na kumwambia sasa itakuwa kumtwisha yeye mzigo wangu ili mimi nilale. Umekuwa wewe wa kwanza kusikia, na sijisikii mwepesi hata kidogo.

Basi hiki ndicho nilicho nacho cha kukupa. Utakaa mlangoni kwa mkubwa, na watu watakupa maneno yao. Yapeleke kama walivyoyasema, hata yakiwa makali, hata yakiwa mafupi na hayana maana kwako. Ukiwa na maoni yako, yaandike chini, useme haya ni yangu. Neno linalokuaibisha wewe ndilo ulipeleke kwanza, kabla hujavua koti, kwa sababu ukilala nalo usiku mmoja utatafuta sababu, na utaipata. Wakimwita mkubwa wako, mwambie ameitwa. Mwache akatae mwenyewe. Na ukiwa umekosea, akakuuliza kama kuna kingine, mjibu hapo hapo. Utafukuzwa kazi, pengine. Mimi sikufukuzwa. Nilipewa na cheti cha utumishi mwema, kipo kabatini, sijawahi kukitundika.

Nenda kaanze kazi, binti yangu. Mungu akupe mkubwa anayevumilia kusikia, na akupe wewe moyo wa kumwambia. Na siku utakapoona vigumu kusema, akukumbushe kwamba wanaongojea jibu hawaishi milele.