Editha na swali lililosahaulika kwenye karatasi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu bado umelalia matuta ya kabichi, na Editha Mkude, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anamwaga maharage kwenye ungo uliopakatwa na mama yake. Mekundu na meupe, yamechanganyika.

"Mama, nitengee. Mekundu huku, meupe huku."

Bibi Regina anaanza bila kuuliza. Vidole vyake havijasahau. Baada ya saa moja hivi atakuwa amemaliza. Editha atapanda kutoka shambani, atamsifu, atasubiri ageuke, kisha atayachanganya upya. Siku nyingine yanachanganywa mara tano. Maharage hayo hayajaona chungu tangu Pasaka.

"Wapo wanaosema namdanganya mzazi," anasema Editha, akikata kabichi kwa panga fupi na kuitia kwenye tenga. "Mimi nasema nampa kazi. Mtu amelima miaka sitini, leo umwambie kaa tu? Umemuua huyo."

Kabichi anazokata zinangojewa na lori la Dar es Salaam. Tangu biashara iachwe huru, malori ya watu binafsi hupanda mpaka huku Mgeta, na mwenye mzigo huuza kwa amtakaye. Gulio ni Jumatatu na Alhamisi. Zamani Editha alishuka siku zote mbili na kurudi na shilingi elfu saba kwa juma. Sasa hushuka siku moja, akipata nafasi, na elfu tatu anaiona kubwa.

Mumewe, Tomasi, anakata miwa Turiani na huonekana mwisho wa mwezi. Watoto wao wawili wanauza mitumba Dar es Salaam. Ndugu zake Editha nao wameshuka mjini, mmoja mmoja, kama maji. Siku hizi milimani kuna kitendawili kipya: mama ana watoto saba, akiugua anaye mmoja. Jibu lake halihitaji kufikiri. Liko jikoni, linakoka moto.

Ugonjwa wa Bibi Regina ulianza mwaka 1994, akiwa na miaka sabini na sita. Aliinjika chungu bila maji. Akang'oa karoti za jirani akidhani anapalilia. Watu walicheka, wakasema uzee. Lakini siku alipokwenda kwenye nyumba yenye msiba, akaketi mlangoni na kucheka peke yake, hakuna aliyecheka naye. Jirani alisema neno, na neno likatembea: yule bibi si mgonjwa, ni mchawi.

Neno lilifika kwa Mzee Alois, mdogo wake Bibi Regina na mkubwa wa ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kauli ya mjomba ni nzito kuliko ya baba. Alois alisema dada yake apelekwe bondeni kwa mganga anayewanyoa nywele wanaoshukiwa uchawi.

"Aliyenyolewa anarudi," anasema Editha, "lakini anarudi na jina. Akipita, watoto wanaingizwa ndani. Mama yangu amepinda mgongo kwa kulea watoto wa kijiji hiki, aje akimbiwe nao?"

Alimwomba mjomba wake asubiri. Alikuwa amesikia kwamba watafiti kutoka chuo fulani wanakuja kupima wazee maradhi ya kusahau. Alois, mtu wa haki kwa namna yake, akakubali. "Karatasi ikisema anaumwa, hatanyolewa," alisema. "Ikisema mzima, usinililie."

Watafiti walifika mwezi wa Juni mwaka huu wa 1997, wakiongozwa na binti mmoja, Nasra, mpole na mwenye haraka. Wazee kumi na wanane waliitwa, wakapimwa uani, watu wakitazama. Nasra aliuliza, kisha akatamka alama kwa sauti ili mwenzake aandike.

Swali la kwanza lilitaka mwaka. La tatu likataka jina la rais, wengi wakamtaja wa zamani, na mmoja akashtuka: "Kwani ameshatoka?" Kisha Alois, naye mmoja wa waliopimwa, akaulizwa yupo ghorofa ya ngapi.

"Mwanangu," alijibu, "chini yangu mahindi, juu yangu nyasi. Hesabu wewe mwenye macho mapya."

Watu wakaangua kicheko. Nasra akatamka sifuri.

Halafu likaja swali la jina la mkwe. Huku jina la mkwe halitamkwi. Mtu atasema baba fulani, mama fulani, au atanyamaza tu atazame pembeni. Wazee wote walitazama pembeni, na wote wakapata sifuri, Alois akiwemo.

Ilipofika zamu ya Bibi Regina, aliitikia upesi kama mwanafunzi: "Tomasi!"

Akina mama walijiziba midomo. Nasra akatabasamu na kumpa alama yake, nayo ndiyo iliyomvusha.

Jumla zilipotamkwa, Mzee Alois, anayejua mipaka ya mashamba ya ukoo toka kwa bibi wa bibi yake, alikuwa mgonjwa. Bibi Regina, asiyejua njia ya kisimani, alikuwa mzima.

"Pale nikaona mama yangu amekwisha," anasema Editha.

Alois alisimama, akajikung'uta vumbi. Aliposema, hakupandisha sauti. "Karatasi imesema ana akili zake timamu. Basi anayoyafanya anayafanya kwa kujua. Jumapili ya tatu kutoka leo ataondoka."

Editha hakwenda kulia. Alikwenda kumtafuta Nasra, akamkuta anafunga mizigo.

"Shikamoo, mama," Nasra alisema.

"Marahaba. Binti, kwenye lile swali la mkwe umewapima watu adabu, na wote wamefaulu. Aliyeanguka ni mmoja tu, na yeye ndiye uliyempa alama."

Nasra aliweka begi chini. Alieleza kwamba maswali yalitungwa mbali, yakatafsiriwa, na kwamba hakuna aliyewaonyesha wenyeji kabla.

"Sasa nionyeshe mimi."

"Wewe umesoma mpaka wapi, mama?"

"Darasa la saba. Lakini mzee ninaye mimi, chuo chenu hakina."

Kwa majuma mawili Nasra alilala kwa Editha na kula kwake. Mchana walikaa katika banda la kufungia kabichi pamoja na wanawake kumi na mmoja wanaolea wazee, mikono ikifunga mizigo na midomo ikibishana. Ghorofa ikafutwa. Mkwe akafutwa. Mmoja akataka mzee aulizwe mpangilio wa kupanda: nini hutangulia, mahindi au maharage? Mwingine akasema upimaji usifanywe tena mbele ya watu.

"Na msimuulize mzee peke yake," alisema Editha. "Mgeni akija anajikaza, anacheka vizuri, anaaga vizuri. Mwulizeni anayemwosha."

Ndipo lilipotoka wazo la vitendawili. Walikubaliana, baada ya kelele nyingi, kwamba mzee wa huku anaweza kusahau mwaka, anaweza kusahau hata umri wake, lakini hasahau jibu la kitendawili anachokitega mwenyewe.

Karatasi mpya ikakamilika siku mbili kabla ya ile Jumapili. Editha aliipeleka kwa mjomba wake na kumwomba Bibi Regina apimwe tena, ndani, kwa faragha.

"Hapana," alisema Alois. "Kilichoharibikia uani kitengenezwe uani."

Jumapili baada ya misa ukoo ulikusanyika kwake. Bibi Regina alikalishwa mkekani, kitambaa kipya kichwani. Nasra, safari hii bila kutamka alama yoyote, alimwomba awategee watu kitendawili.

Uso wa bibi ukafunguka. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kibuyu changu kimoja, pombe aina mbili, na hazichanganyiki."

Kila mtu uani alilijua jibu. Hakuna aliyelisema. Alois alijibu kwa niaba yao: "Tumeshindwa."

"Nipeni mji!"

"Twaa Morogoro."

Bibi Regina akajiweka sawa, kama desturi inavyotaka kwa aliyepewa mji. "Nilikwenda Morogoro, nikafika Morogoro, nikala, nikanywa, watu wa Morogoro wakanisalimu..." Akarudi mwanzo. "Nilikwenda Morogoro, nikafika Morogoro..." Akaanza mara ya tatu. Macho yakawa yanatafuta kitu juu ya vichwa vya watu. Mwishowe alimshika Editha kanga.

"Mama," alimwambia binti yake, "tunarudi lini nyumbani?"

Mzee Alois alivua kofia, akachuchumaa mbele ya dada yake.

"Yai, dada," alisema. "Ni yai. Umetushinda wote."

"Eeh," alisema Bibi Regina, "yai," na akacheka kwa ushindi.

Habari ya kunyolewa haikutajwa tena siku ile, na haijatajwa mpaka leo. Jirani wa karoti alileta unga juma lililofuata, akauacha mlangoni bila maneno.

Editha haifanyi hadithi hiyo kuwa ya furaha. Siku aliyopata alichokuwa anakitafuta, Nasra alimweleza pia, kwa heshima, kwamba dawa ya kurudisha kumbukumbu haipo, na kwamba mama yake atasahau zaidi. "Nilishinda, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia," anasema. "Kumbe nilikuwa nabishania nipewe ugonjwa."

Karatasi mpya sasa inatumika katika vijiji vitatu. Editha huenda na Nasra siku moja kwa juma, akilipwa posho ya shilingi elfu moja na mia tano, kuketi na wanaolea na kuwauliza. Yeye ndiye aliyepigania swali la mwisho, ambalo watu wa chuo walidhani halihusu maradhi: *Ukichoka, nani anakupokea?*

Mpaka sasa amewauliza swali hilo walezi ishirini na watatu. Kumi na tisa wamejibu hakuna.

Mpango wake ni kubadili jibu hilo kabla ya mvua za masika. Anataka kila mzee awe na zamu kama zamu za maji ya mfereji: siku fulani, nyumba fulani, bila kubembelezana. Anazunguka na daftari la shule akiomba watu wajiandikishe. Wengine humwambia watafikiri. Wanaume humwambia hiyo ni kazi ya kike.

Katika ukurasa wa Bibi Regina kuna mistari saba, mmoja kwa kila siku. Sita ni mitupu. Mbele ya Alhamisi pameandikwa kwa herufi kubwa, za mtu asiyezoea kalamu: ALOIS.

"Alikuja mwenyewe," anasema Editha, akifunga tenga la mwisho na kusikiliza lori linavyonguruma kwenye kona za chini. "Alhamisi iliyopita nilishuka gulioni, nikauza mpaka saa nane, na sikugeuka nyuma hata mara moja. Sasa natafuta wa Jumatatu."