Vali Inayovuja na Kisu cha Mbale

Upande wa baba, huko Mbale, kijana hahesabiwi mwanamume mpaka acheze ngoma siku kadhaa, akimbie kilima hadi kilima kuwaalika jamaa, kisha asimame mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa macho. Mwaka wangu ulipofika, nilikuwa nikitweta kwa kupanda ngazi kumi. Baba ni askari jela hapa Jinja, kazi yake kupekua watu. Akaanza kunipekua mimi kwa macho.

Hospitalini daktari alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akanionyesha moyo wangu kwenye skrini. Moyo una vali nne, alisema, vilango vya ngozi nyembamba. Damu ikishapita hujifunga ili isirudi. Yangu moja, ya kushoto, ilikuwa imekakamaa. Haikufunga vizuri, damu ikarudi kuelekea mapafuni, ndiyo maana nilitweta. Aliuliza kama utotoni niliumwa koo na viungo vikavimba. Niliumwa sana. Mama alinisukutuisha maji ya chumvi, koo likapoa, kumbe ugonjwa ulishuka moyoni. Sasa ni sindano kila mwezi, na marufuku kukimbia wala kukatwa mpaka daktari wa moyo aruhusu.

Baba hakuamini hata neno moja. Watu wa mama, Wasoga, hawana desturi ya kisu, na daktari alikuwa Msoga.

"Nyinyi nafanya mpango," alimwambia mama. Mama alisusa kumpikia siku mbili, na mimi nikaona amefanya vyema.

Hata hivyo tukaenda Mbale kutoa taarifa kwamba daktari amenizuia. Baba mkubwa, kaka yake baba, alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi nilikimbia na malaria! Huyu naogopa kisu tu."

Hasira zilinipanda, nikavua shati. Nikamwambia baba asikilize mwenyewe. Aliinama, akabandika sikio kifuani pangu, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kaka, iko kitu," alisema. "Damu narudi. Mimi nasikia."

Baba mkubwa akaniokotea shati, habari ya kisu ikaishia hapo.

Njiani kurudi Jinja baba aliniuliza polepole, bila ukali, "Daktari alisema hapana, wewe nafurahi?"

Nilisema sikufurahi. Nilimdanganya. Nilifurahi kwanza, kuogopa kufa kulikuja baadaye, tukiwa tumeshatoka nje ya hospitali.