Poda ya Bibi Harusi

Dada yangu alikuwa na uso unaotoka jasho kuliko mpagazi wa sokoni, na harusi yake ilipangwa wakati wa joto kali. Usicheke. Bibi harusi hukaa chumbani amezungukwa na wanawake tangu adhuhuri, na wanja wake ukishuka, kesho yake mtaa mzima wa Gerezani unamsimulia. Kwa hiyo sisi wawili tuliitafuta poda ya kukausha uso namna wenzetu walivyotafuta sukari.

Duka la ushirika lilikuwa na poda ya mtoto tu, nayo ilikuja pale ilipojisikia. Nikampaka. Akawa kama ametoka kusaga unga. Nikamwambia ukweli, akaninunia kutwa.

Tukaenda Kariakoo kwa Mhindi mmoja mzee, ambaye mama alinunua kwake kanga tangu sisi wadogo. Rafu zilikuwa tupu, zimebaki viberiti na mishumaa. Mkewe akatuita nyuma ya pazia, akatoa kikopo cha poda chini ya magunia. Hakumpaka dada shavuni. Alimpaka pembeni ya taya, akamvuta kwenye mwanga wa mlango wa uani, tukasubiri jasho litoke. Ilikaa vizuri kidogo, kisha ikageuka pinki.

“Hapana, binti,” akasema. “Hii ya Wazungu. Ukilia kidogo tu inakatika.”

Mtu akagonga meza dukani. Yule mama akakitumbukiza kikopo ndani ya sari yake upesi, hata sikuona kilikopita. Alikuwa mteja wa mishumaa tu, lakini yule mama hakukitoa tena mpaka tukaaga. Siku hizo magendo yalisakwa nyumba hadi nyumba, na kitu cha ng'ambo kikikutwa kwako ni kesi.

Mchumba wa dada alikuwa karani bandarini, mtu mpole, akicheka mabega ndiyo yanayocheka. Aliposikia tunavyohangaika akaleta kikopo cha bati alichokipata kwa baharia, kina maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Nikamjaribu dada pembeni ya taya, nikamtuma akachochee moto jikoni. Akarudi shingo imelowa, taya kavu, na huoni poda ilipoanzia wala ilipoishia. Rangi yake kabisa. Alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, na mimi nikaingiwa na woga sijui wa nini.

“Mkishapaka, kikopo kitupeni chooni,” shemeji alisema. “Kikionekana, nimekwisha mimi.”

Lakini kwetu, kinachompamba bibi harusi hutoka kwenye begi la bwana harusi, na begi hufunguliwa mbele ya wanawake. Shangazi yake shemeji akaja kukichukua, asije mtu akasema upande wao walishindwa hata na poda. Dada akamwambia, “Shangazi, mwenyewe kakataza.” Akajibiwa kwamba kitalala chini kabisa ya begi na hakitatoka. Mkwe humbishii mara mbili, akampa.

Jioni ya kuamkia harusi begi likafunguliwa. Shangazi akainua kanga, vigelegele. Akainua viatu, vigelegele. Wanawake wa kwetu wakaanza utani wao wa kila harusi: “Ndiyo haya tu mliyotuletea?” Shangazi damu ikamchemka. Akazamisha mkono mpaka chini, kikopo kikatokea juu ya kichwa chake.

“Na hii mnayo kwenu? Ya melini hii.”

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, yule mjumbe wa chama aliyepeleka polisi majina ya wenye magendo, alikaa karibu na mlango, hakupiga. Aliomba akione. Akafungua, akanusa, akajipaka kidogo mgongoni mwa kiganja, akaugeuza mkono taratibu kwenye mwanga wa taa.

“Nzuri,” akasema, akakirudisha.

Nilitamani nimpokonye nikakitumbukize chooni palepale, lakini mgeni wa harusi utamfanya nini? Dada alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Nilipoingia aliniuliza tu, “Kasema nini?” Nikamwambia, kasema nzuri.

Kesho yake nikampaka. Adhuhuri ikapita, shehe akaja, akanywa kahawa, akaongezewa nyingine. Alasiri akaingia mdogo wake shemeji, peke yake, hakuvua hata viatu, akamnong'oneza baba: polisi wamemchukua kaka alfajiri, na chumba chake kimepekuliwa chote. Shangazi akakaa chini uani, mikono kichwani.

Dada hakupiga kelele. Machozi yalimtoka mfululizo, yakapita juu ya poda, yakadondokea kanga. Nilimchukia kila aliyekuwa mle ndani. Wanawake wakaanza kuondoka, mke wa balozi akiwa wa kwanza kujifunga kanga yake, na kila aliyepita mlangoni aligeuka kumtazama bibi harusi. Mpaka magharibi alikuwa palepale kitandani, mzuri kuliko siku zote, na poda haijakatika popote.