Masanduku Mawili Ndani ya Jina la Babu

Enzi zetu kompyuta ilisikika kabla haijaonekana. Ukikaribia soko la Kiritiri ulipokelewa na mngurumo, nasi watoto tulibishana kama ni mashine ya kusaga mahindi au ni ya Ireri. Ireri alikuwa na kompyuta mbili nyuma ya duka la ndengu, zote zenye visogo vikubwa kuliko chake. Kuzizima kulikuwa mwiko, maana kuwaka tena kulichukua muda wa kuivisha githeri. Watoto wa siku hizi, ukurasa ukikawia kidogo, hudai wana msongo wa mawazo.

Babu alipofariki, nyanya alinishika mkono tukachukue ratiba za mazishi. Kwenye jalada, palipopaswa kuwa Mũriũki, palikuwa na M□ri□ki. Ireri alieleza kwa upole kwamba alikuwa ameandika kwenye kompyuta moja, jina likatokea vizuri. Ila ile yenye printa haikuwa na fonti ya herufi zetu za viwimbi, ikaweka vijisanduku. Nyanya hakuwa na habari na fonti.

"Ireri, mzee wangu ni mmoja," alisema. "Hii sanduku ingine ni ya nani?"

Hakuna aliyecheka. Sanduku kwetu ni jeneza pia, na mjane akioneshwa la pili, anajua anayeitwa.

"Cũcũ, tuondoe hivyo viwimbi tu. Watu watajua ni yeye," Ireri alimsihi nyanya.

"Mũriũki maana yake ni aliyefufuka. Ukiliharibu, atafufuka akiwa nani?"

Akaketi kwenye benchi, akatangaza kuwa mazishi yatamngoja Ireri. Basi Ireri akainakili fonti kwenye disketi, akaihamishia kompyuta ya pili, kisha, jasho likimtoka, akafanya lililo mwiko: akaizima. Kimya kikatanda hadi tukasikia ndengu zikipimwa dukani. Ilipoamka na kunguruma, ũ zote mbili zilikuwa zimesimama wima, viwimbi kichwani.

Juzi tulimzika nyanya. Binamu yangu aliandaa ratiba kwa simu yenye fonti za dunia nzima, na jina la babu akaliandika Muriuki, kavu. Nilipomuuliza, alisema hakuna mwenye muda wa kubonyeza herufi mpaka itoe kiwimbi. Ni kweli. Aliyekuwa na muda huo alitoka kwa Ireri siku ile, ratiba zikiwa ndani ya leso, akanitanguliza nje, kisha akaufunga mlango nyuma yake.