Bafta ya Bibi

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na sanda yake sandukuni tangu sijazaliwa. Kipande kirefu cha bafta nyeupe, kimekunjwa pamoja na pamba na udi, chini kabisa ya kanga zake. Katika nyumba zetu za Kariakoo, vyumba sita na ua mmoja, mabibi wengi wa Kiislamu walikuwa nazo. Bibi alikuja mjini kutoka Kilwa na mume, mume akamwacha, akakaanga maandazi miaka na miaka. Nyumba hakuwa nayo. Bafta ile aliinunua mwenyewe, bila kumwomba mtu. "Sitaki nikifa muanze kuchangishana," alikuwa akisema.

Ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni. Ukichoka kusimama unaacha jiwe lako kwenye mstari, na watu wanaliheshimu kuliko walivyokuheshimu wewe. Jioni baba, kuli wa bandarini, aliwasha redio. Redio ilipenda kutueleza kwamba nchi haiwezi kuendelea kama watu wake si huru, na watu hawawezi kuwa huru kama nchi haijaendelea. Baba alitikisa kichwa kukubali yote mawili. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nachambua mchele pembeni, na sikuona hata moja kati ya hayo lililokwishafika uani kwetu.

Halafu ukatangazwa msako wa walioficha bidhaa. Mtaa ukaingiwa na kiwewe. Jirani yetu alimwaga sukari chooni. Jamani, sukari!

Baba alirudi kutoka kazini, hata viatu hakuvua.

"Mama, kile kitambaa. Wakikikuta watasema tunalangua."

"Kulangua sanda?" Bibi akacheka. "Mwanangu, nani anapanga foleni ya kufa?"

Baba hakucheka. Alifungua sanduku, akaitia bafta kwapani, akaenda kuisalimisha kwa balozi wa nyumba kumi kabla hajafuatwa. Balozi naye akaogopa kukaa nayo, akaipeleka duka la ushirika. Bibi alibaki amekaa kitandani, mikono mapajani. Nilimchukia baba siku ile, kisha hata chuki ikaniishia, nikaenda kuteka maji.

Msako haukufika kwetu. Haukufika hata mtaani.

Wiki ile ile duka likauza bafta. Bibi akapanga foleni na wenzake, mimi nimemshika mkono. Tulipofika dirishani, kitambaa kilikuwa kinanukia udi.

"Hii ni yangu, mjukuu wangu," Bibi akamwambia muuzaji.

"Ni ya wote, bibi. Kila familia yadi mbili."

Akalipa. Akazibeba yadi zake mbili hadi nyumbani, akazirudisha sandukuni mahali pale pale. Hakugomba. Ningependa angegomba, angepiga kelele mtaa mzima usikie, lakini wapi. Baada ya hapo kila asubuhi baba alisema, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba," na mazungumzo yao ya siku yakawa yameisha.

Alifariki kipupwe kilichofuata, usingizini. Baba alizunguka na barua ya balozi ya kuombea sanda tangu alfajiri, duka hili na lile, mpaka Magomeni. Bafta hakuna. Majirani wakatoa walichokuwa nacho, vipande vidogo vya kuenea kiganjani. Sisi wanawake tulikuwa tumeshamwosha, nyuma ya pazia. Zile yadi mbili zilimfunika kichwa na kifua.

Pazia likasogea. Baba alikuwa ametoa shuka la kitandani kwake, la maua mekundu yaliyopauka, akalipenyeza kwa mkono mmoja bila kuchungulia. Nikalipokea. Sikulia, nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi.

"Litatosha?" akauliza.

"Litatosha, baba."

Tukamfunga, vitambaa juu, maua chini.

"Limetosha?"

Mwoshaji akamjibu kwamba limetosha. Baba akauliza tena. Wanaume walikuwa wameshaleta jeneza uani, wanamwita aje kushika, naye bado amesimama nyuma ya pazia anauliza kama limetosha.