Brashi Zilizooshwa kwa Siri

Wino wa Bi Noriko ulinuka karafuu maiti, na kila Alkhamisi tuliporudi na vidole vyeusi mama alikunja uso, akisema tunanuka kama tuliotoka kuosha maiti. Ilikuwa Sib, kando ya Maskati, katikati ya miaka ya tisini. Bi Noriko, mke wa mhandisi wa Kijapani, alikuwa jirani yetu, na kwa upweke wake akatukusanya wasichana watano wa mtaani kutufundisha kuandika kwa brashi maandishi ya kwao. Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu Zuhura, kumi na miwili. Neno lililotutoa jasho lilikuwa toku. Ni wema, alitueleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, lakini wema unaowekwa akiba ndani ya mtu, tendo kwa tendo, na ulio bora kuliko wote ni ule usiojulikana na yeyote. Mama alipoambiwa akacheka. "Mbona hilo letu! Si sadaka ya siri hiyo?"

Basi brashi zikaanza kukutwa safi, zimeoshwa na kuanikwa, na hakuna aliyejitaja. Mimi nilimjua: ni Zuhura, aliyekuwa akijifanya kasahau kitu, akarudi ndani. Siku moja Bi Noriko akanikuta mimi kwenye sinki, mikono imerowa. Nilikuwa nikitoa doa la wino kwenye gauni langu. Akatabasamu, akarudi nyuma kimya kimya ili asinitie haya. Nilielewa alichodhani. Sikumfuata kumweleza.

Alipohama mtaani kwetu alinipa brashi yake mwenyewe, mbele ya wote, bila kusema kwa nini. Zuhura alipiga makofi kuliko wenzake. Nililia, wakadhani namlilia mwalimu. Niliona aibu, na bado brashi ile niliikumbatia.

Mwaka jana nilimpelekea Zuhura brashi ile, nikamweleza yote. "Miaka yote hii umekaa nalo rohoni?" akasema. "Chukua brashi yako, mdogo wangu, miye nlishasahau." Hakuwa amesahau, namjua dada yangu. Siku hizi mtu akitoa sahani ya wali hupiga picha kwanza, mwenye njaa akingoja, na mimi huwa wa kwanza kuwacheka watu hao. Kisha huikumbuka brashi ile. Wao, angalau, wali ni wao.