Tanbihi ya Neno Doto

Siku mshairi aliposoma shairi lake kuhusu mtoto aliyefia kambini, wageni walilia sebuleni kwake, na mama mzazi wa mtoto huyo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mshairi, amemshikia kikombe cha maji. Ndani ya shairi, mtoto alikuwa wa mshairi.

Nitaeleza tulivyofika hapo hatua kwa hatua, kwa sababu sehemu ya uchafu ule ni yangu.

Mshairi alikuwa Mmarekani, mzee wa miaka themanini na kitu. Alikuja Sydney akimfuata mke wake wa tatu, akafundisha chuo kikuu hadi akastaafu, mke akafa, akabaki peke yake katika nyumba ya matofali pale Kensington. Miguu yake haikumbeba tena. Kampuni iliyotuajiri ilituma wahudumu wawili kila asubuhi, kwani mtu mmoja haruhusiwi kumnyanyua mteja kwa mashine. Mmoja nilikuwa mimi, Mkenya, ninakaa Rooty Hill. Mwingine alikuwa mama Mrundi wa Seven Hills, aliyekulia na kuzalia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania. Mimi nilipanda treni kwanza, nikamwekea kiti, akaingia kituo chake na kuanza kunicheka.

"Nyinyi Wakenya Kiswahili mulikisomea kwa daftari," alikuwa akisema. "Ukiongea, nasikia kama unafanya mutihani."

Nyumba ya mshairi ilijaa picha za watu ukutani. Kila nilipofuta vumbi alinisimulia nani ni nani, bila kuulizwa. Yule dada yake: hajazungumza naye tangu alipoandika juu ya ugonjwa wa mama yao. Yule mke wa kwanza: aliondoka baada ya kitabu cha pili, alipokuta humo maneno aliyomwambia mumewe wakiwa kitandani. Yule rafiki wa ujana: alifungwa, mshairi akazichapisha barua zake za gerezani kama mashairi, kitabu kikapata tuzo. Alizisimulia habari hizi kama mtu anayehesabu samaki aliowavua. Nilicheka pamoja naye. Nilidhani ni mizaha ya wasomi.

Ujanani alifundisha Tanzania miaka miwili. Kiswahili kilichomsalia kilikuwa salamu na majina ya vyakula. Salamu aliyoipenda ni moja. Mwenzangu, aliyelelewa vizuri, alimwamkia siku ya kwanza, na tangu hapo ikawa deni. Tukichelewa kuitamka, alituuliza, "Shikamoo yangu iko wapi?" Wakija wageni wa Alhamisi, wanafunzi wake wa zamani na maprofesa waliostaafu, alimwita mwenzangu katikati ya chumba aitamke mbele yao. Kisha aliwatafsiria: maana yake, nashika miguu yako. Wageni walishusha pumzi kwa kupendezwa, wakitazama miguu yenyewe, iliyovimba, yenye kucha za njano, ambayo dakika ishirini nyuma mwenzangu alikuwa ameiosha kwa beseni. Jibini yao ilinuka kama soksi. Sijui mpaka leo kipi kilinitia kichefuchefu zaidi.

Mazungumzo yetu ya kweli tuliyafanya tukiwa tumeinamia kitanda cha mshairi. Yeye akiwa ananing'inia kwenye kitambaa cha mashine, sisi huku na huku tukimgeuza, tuliongea Kiswahili kana kwamba tunageuza godoro tu. Wahudumu wengi Waafrika hufanya hivyo hapa. Mteja akiwa Mzungu, mtu husahau kwamba ana masikio.

Hapo ndipo mwenzangu aliponisimulia, asubuhi moja ya mvua. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayepanga na wenzake palepale Kensington, alizaliwa pacha. Majirani Watanzania wa karibu na kambi waliwaita watoto wale kulwa na doto, yaani pacha wa kwanza na wa pili. Wote wawili waliugua kuhara siku moja. Baba yao hakuwapo. Njia ya kwenda dispensari ilikuwa tope hadi magotini, na yeye alikuwa na homa. Mikono yake iliweza mtoto mmoja tu.

"Nikabeba kulwa, kwa sababu ndiye alikuwa analia," alisema, akivuta shuka. "Doto alikuwa kimya. Nikasema huyu amelala, nitamurudia. Niliporudi alikuwa kimya vilevile."

Binti hajui. Anaitwa Kulwa nyumbani tangu utoto na anaamini ni jina la kudekezwa tu, kama watoto wengine wanavyoitwa mpenzi au mama. Anakisikia Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza, na kanisani waliojua waliombwa wanyamaze.

"Atajiuliza maisha yake yote kwa nini yeye," mwenzangu alisema. "Hiyo mimi nimejiuliza ya kutosha. Tena yeye alibebwa tu, hakuchagua."

Siku mbili baadaye mwenzangu alikuwa jikoni. Mshairi aliniuliza, "Doto ni nini? Lile neno alilisema kwa sauti tofauti."

Ningeweza kusema sijui. Lakini shuleni tuliandika insha nyingi zenye watu wanaofanana kama kulwa na doto, na mimi hupenda kuulizwa ninachokijua. Nilimweleza maana. Akauliza lililobaki kidogo kidogo, kwa upole, nami nikamjazia: tope, homa, aliyelia na aliyenyamaza. Nilijiambia ni huruma inayomsumbua mzee. Nilimtajia hata kwamba binti bado anaitwa Kulwa.

Kisha ikaja Alhamisi ile. Alikuwapo mhariri wa kitabu chake kipya, mwanamke mwenye sauti ya chini. Mshairi alisoma dakika nne. Shairi liliitwa "Doto". Lilisema *nilibeba mmoja*, lilisema *mwanangu*, likasema *niliporudi*. Nilimtazama mwenzangu. Kiingereza chake ni cha kazini, lakini neno lile lilitajwa mara sita, na kila lilipotajwa alinigeukia mimi.

Watu walipomaliza kupangusa macho, mshairi alinyoosha kidole kwangu. "Na tanbihi ni yake," alisema. Mhariri aliisoma kwa sauti: doto, pacha wa pili, wa kwanza huitwa kulwa. Wakanipigia makofi. Mmoja alinibusu shavuni, mdomo wake una makombo ya biskuti.

Jikoni mwenzangu alifungua bomba ili wasitusikie.

"Ni wewe umemupa?"

"Aliuliza neno tu, dada."

"Neno tu." Alinitazama tumboni, si usoni. "Ile shairi inasema nini? Ufanye mutihani wako sasa. Tafsiri."

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye tanbihi alinizuia kwa kiganja. Binti yake alikuwa ameshawatangazia wenzake kwamba mama anamhudumia mshairi, na alikwisha kuomba nakala yenye saini.

"Atasoma kulwa," mwenzangu alisema. "Ile ukurasa itoke. Umeingiza, utoe."

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mshairi. Alikuwa anakula uji wa shayiri, maziwa yakimtiririka kidevuni, na kwa mara ya kwanza nilimwacha ajipanguse mwenyewe. Alisikiliza. Hakukasirika.

"Lakini nimembadilisha," alisema. "Kwenye shairi ni mvulana."

"Jina la dada yake limo."

"Ni neno la lugha. Umesema mwenyewe." Akatabasamu, kama anayemtuliza mtoto. "Mwambie mwenzako kwamba yule mtoto hakuwa na kaburi lenye maandishi. Sasa analo."

Mwenzangu alikuwa mlangoni na beseni. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

"Babu," alisema kwa Kiswahili, polepole ili amwelewe, "kaburi ya mwanangu naijua. Iko chini ya mti niliochagua. Wewe hujaifika."

Mshairi akanigeukia. "Amesema nini? Lile neno la mwisho?"

Sikumtafsiria. Aliomba kalamu yake, nayo sikumpa. Mwenzangu aliliweka beseni sakafuni, akavua glavu, akatoka. Aliomba kampuni imhamishie kwa wateja wengine, akahamishwa. Mimi nilibaki wiki tatu zaidi. Nilitaka kumwona mhariri ana kwa ana.

Mhariri alinisikiliza uani, mbali na dirisha. Alisema anasikitika sana. Alisema pia kwamba mshairi amekataa katakata, kwa hiyo mchapishaji hawezi kuondoa shairi kwa maneno ya mtu wa pembeni. Mama mwenyewe aandike: ni mistari ipi imetoka maishani mwake, mtoto alikuwa nani, alikufa vipi, aliyebaki anaitwaje. Atie saini. Maelezo yatawekwa kwenye faili la ofisi.

Nilimpelekea mwenzangu fomu aliyonipa mhariri, nyumbani kwake Seven Hills. Aliisoma nami mstari kwa mstari mezani, akacheka bila furaha.

"Kwa hiyo ili wasiandike, niandike mimi."

"Unaweza kuandika kwa ufupi, dada."

"Kifo ya mutoto kwa ufupi. Nyinyi watu wa vitabu munatapisha."

Aliikunja fomu mara nne, akaitia ndani ya Biblia. Hakusema ataijaza wala hataijaza. Niliandika barua yangu mwenyewe kwa mhariri, nikakiri kwamba mimi ndiye niliyetoa habari nisizopewa ruhusa kuzitoa, na nikaomba, kama shairi haliwezi kutoka, angalau tanbihi itoke.

Jibu lilikuja jana, mistari mitatu. Kitabu kimekwenda kiwandani kuchapwa. Kabla ya kwenda, kurasa mbili zilibadilishwa. Halisemi ni zipi.